Marehemu wa Ajali Ambayo Haijatokea

Mgeni alifika kwenye geti la kituo cha utafiti asubuhi, mlinzi akiwa anapanga vikombe vya chai kwenye dirisha la kibanda chake. Alikuwa mwanamume wa makamo, koti limemkaa vizuri, nywele zimechanwa, na uso wake ulikuwa wa kijivu kama wa maiti. Alisema anataka kuonana na yeyote anayehusika na kinu cha nyuklia.

"Una miadi?" mlinzi akauliza.

"Sina. Mimi ni marehemu wa ajali yenu."

"Ajali ipi, kaka? Hapa hatujapata ajali."

"Ile mtakayoipata."

Mlinzi alimpima kwa macho, kisha akamsogezea kiti. "Basi umewahi," alisema. "Kunywa chai kwanza."

Akaitwa mtafiti, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wenzake na wageni wasio na miadi walikuwa fungu lake. Alikuja mbiombio, vifungo vya koti lake jeupe vikiwa wazi. Kituo hakikuwa na mzaha kwa jambo moja: hakuna aliyevuka geti bila beji ya kupima mionzi kifuani, awe waziri au fundi bomba. Akamfunga mgeni beji, akamwambia aivae popote aendapo mpaka itakaposomwa.

"Mtaniambia itakachosema?" mgeni akauliza. "Kweli yake yote, dada. Watu wamenipangia kufa, lakini hakuna aliyenieleza kitakachoniua."

"Nitakwambia yote, hadi tarakimu ya mwisho. Naahidi."

Siku ile ahadi ilikuwa nyepesi mdomoni.

Mtafiti alikuwa amekimwagia ujana wake kinu kile kidogo. Kilitengenezwa kwa namna ambayo umeme ukikatika na pampu zote zikisimama, kingejipoza chenyewe, bila mtu kugusa kitu. Hesabu zilikuwa tayari. Lililobaki lilikuwa jaribio: kuzima pampu kwa makusudi ili kila mtu aone. Lakini mjini habari ilifika nusu. Watu wa nyuklia wanataka kuzima pampu, ndivyo ilivyosemwa kwa kinyozi na kwenye foleni ya benki, na kadiri ajali ilivyozungumzwa ndivyo marehemu wake walivyozidi kuja. Baada ya yule wa kwanza alikuja bibi mmoja na mkoba wake, kisha mapacha wenye sare za shule, kisha harusi nzima, bwana harusi akiwa amebeba viatu vya mkewe. Mlinzi aliishiwa vikombe. Walikuwa watu wastaarabu. Walikaa kimya kwenye ukumbi wa kituo na kuinua miguu wafagiaji walipopita.

Mtafiti hakuwaonea kinyongo, wala watu wa mji. Watu hao waliwahi kuambiwa na wakubwa kwamba maji ya bomba ni salama, na wiki hiyohiyo wakajaza wodi. Kilichomkera kilikuwa nyumbani.

Aliishi na shangazi yake aliyemlea, katika nyumba inayotazamana na kituo cha umeme wa makaa ya mawe. Shangazi alifuta meza, akageuka kusuuza kitambaa, na meza ikawa nyeusi tena. Mumewe, ambaye mtafiti alimwita baba, alikufa kwa mapafu, kama majirani wengi wa mtaa ule.

"Mwanangu, achana na kazi ile," shangazi alisema, kisha akakohoa mpaka akashika ukuta. "Itakuja kukuua."

"Na huu moshi, shangazi?"

"Moshi tumeuzoea."

"Baba naye aliuzoea."

"Usinitie maneno mdomoni. Baba yako alikufa kwa kifua. Kifua ni ugonjwa."

Baba hakuwahi kurudi kukaa kwenye ukumbi wowote. Mtafiti alimuuliza mgeni kwa nini.

"Sisi tunakuja kwa kuwa tunaogopewa," mgeni akasema. "Wao nani aliwaogopea?"

Beji ilisomwa asubuhi ya mkutano wa hadhara, ambapo kamati ya mji ilikuwa iamue kama jaribio lifanyike. Haikuwa tupu. Ilizidi kidogo beji iliyotundikwa ofisini kwa kulinganishia. Mtafiti akapitisha kipimo kwenye koti la mgeni na kukuta majivu. Kila jioni ukumbi ulipofungwa, mgeni alikuwa akienda kulala kwenye lundo la majivu nyuma ya kituo cha makaa, kwa sababu lina joto. Makaa ya mawe hutoka ardhini na chembe zake za mionzi, na yakichomwa chembe hubaki kwenye majivu. Kiasi chenyewe kisingemdhuru hata nzi.

"Usidanganye," mkurugenzi wa kituo akamwambia mtafiti. "Nyamaza tu. Ukitamka kwamba beji ina kitu, tumekwisha. Hakuna atakayesubiri neno majivu."

"Nilimwahidi, bosi."

"Umemwahidi mtu ambaye hajafa."

"Ndiyo maana hana mwingine wa kumuuliza."

Ukumbi wa mkutano ulijaa, walio hai mbele na marehemu nyuma. Mtafiti alieleza kuhusu kinu, na watu walianza kutega sikio. Hata shangazi, aliyekaa karibu na mlango na leso mdomoni, alitikisa kichwa mara moja kukubali. Mwenyekiti wa kamati alipouliza kama kuna swali, mgeni akasimama.

"Dada, beji yangu imesemaje?"

Mkurugenzi alimtazama mtafiti, akatikisa kichwa polepole kumkataza. Mtafiti alijua kabisa anachokitupa.

"Beji yako imepokea mionzi," alisema, "nayo imetoka..."

Hakumaliza. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Viti vilianguka, mtu akapiga meza, na kamati ikapiga kura papo hapo bila kukaa: jaribio lisifanyike, kinu kifungwe. Kwa kuwa umeme lazima utoke mahali, kituo cha makaa kikaruhusiwa kujenga dohani nyingine. Hilo lilipigiwa makofi. Shangazi alipiga makofi pia, katikati ya kikohozi.

Mtafiti alishuka jukwaani. Alipenya kati ya watu waliokuwa wakitoka, akafika nyuma, akaketi kando ya mgeni. Yule bibi akausogeza mkoba wake ili apate nafasi.

"Sikumaliza," mtafiti alisema. "Imetoka kwenye majivu unayolalia."

Mgeni aliyatazama mabega ya koti lake. "Huko kwenye majivu kuna mapokezi? Nikaulize?"

"Hakuna."

"Basi niambie wewe."

Wafagiaji walikuwa wameanza kukusanya viti. Mtafiti akainua miguu wapite, akaendelea kumweleza polepole, mpaka tarakimu ya mwisho.