Baba Alipomwinua Mtoto wa Saidi

Mume wangu Hashimu hazijui sura za watu. Macho yake ni mazima, korosho mbovu anaiona kabla hajainama, lakini ukimpa kisogo tu, uso wako umeshamtoka. Mimi ananijua kwa sauti. Mwanetu Amiri anamjua kwa sauti na kwa lile rundo la nywele. Hapa Mahurunga wanasema anaringa, maana hupishana na mama mkwe wake njiani bila hata shikamoo. Nimechoka kumtetea.

Desemba hii Amiri alipoingia jandoni, nikajua tumekwisha. Siku ya kutoka, watoto huwa wamenyolewa, wamevishwa kanzu na kofia za namna moja, wameketishwa mkekani vichwa chini. Ni marufuku kusema mpaka baba aje, amwinue mwanawe na kumtaja jina mbele ya watu. Sisi wanawake husimama mbali.

"Mweleze mzee wa jando," nilimsihi.

"Nimweleze nini, Mama Amiri? Kwamba simjui mwanangu?"

Tukapatana awaache baba wengine watangulie, Amiri abaki peke yake. Kumbe heshima ilikuja kutuponza. Kwa kuwa Hashimu ndiye aliyetoa mchele wa sherehe, mzee wa jando akamwita wa kwanza.

Alipita mbele ya mkeka polepole, akikohoa ili mtoto amsikie. Alipofika kwa Amiri nikapiga kigelegele kwa nguvu zangu zote, apate kuelewa. Wanawake wote wakanipokea, uwanja mzima ukalia vigelegele, na changu kikapotelea humo. Hashimu akasogea mbele, akamshika mkono mtoto wa Saidi, aliyeketi kando ya Amiri.

"Huyu ndiye Amiri, mwanangu," alisema kwa fahari.

Watu walicheka. Jirani yangu Tatu akasema, "Damu ingekuwa yake, ingemvuta." Nilimtukana, Mungu anisamehe, lakini neno lilikuwa limeshatoka na watu wamelisikia.

Amiri aliinuliwa na kaka yangu. Hakulia. Nyumbani baba yake alimwomba radhi, mtu mzima na ndevu zake, amepiga magoti mbele ya mtoto. Mimi nikaeleza mpaka sauti ikakauka: baba yako anakupenda, ni sura tu zinazomkimbia. Amiri alisikiliza hadi mwisho, na tangu hapo hajafungua mdomo mbele ya baba yake. Na mimi jikoni anaongea vizuri. Nimembembeleza, nimemfokea, nimemchapa. Uchungu wangu mimi sijui niupeleke wapi.

Jana alasiri Hashimu alikuwa uani anamenya muhogo. Watoto wenzake Amiri wa jandoni hupita hapa kutwa, vichwa vyao vyote vipara. Amiri akaingia, akaenda kusimama mbele ya baba yake, akamtazama usoni. Nilikuwa mlangoni. Nilipotaka kusema, mtoto alinikata jicho, nikanyamaza.

Hashimu akanyanyua kichwa, akatabasamu kwa adabu.

"Karibu, kijana. Kama umemfuata Amiri, kaa hapo umsubiri. Siku hizi hasemi na mimi, lakini wewe rafiki yake labda atakusikiliza. Mwambie baba yake anamuulizia."

Amiri akavuta kigoda, akakaa.