Kola Isiyogeuzwa

Jumamosi hiyo fundi cherehani alifunga duka mapema, akaweka ufunguo kifuani, akaenda stesheni kumpokea mume wake. Treni ya kutoka mjini iliingia jioni. Mume alishuka kwenye behewa la tatu na mfuko wake wa nguo chafu, na mvi ambazo hakuondoka nazo Jumatatu. Mke alimpokea mfuko, akamtazama kichwani.

"Mmechelewa," akasema.

"Tumezunguka kwa Mheshimiwa," mume akajibu, na wote wawili waliona jibu limetosha.

Zamani reli ilikuwa imenyooka. Mtu alipanda alfajiri, akafika mjini chai ya kwenye chupa ikiwa bado ya moto. Kisha Mheshimiwa akataka treni ipite kwenye machimbo yake ya kokoto, reli ikapindwa. Baadaye ikapindwa tena ipite shambani kwake, halafu ghalani. Vyuma vya ile njia iliyonyooka viling'olewa, vikasimamishwa wima kuzunguka shamba, vikawa nguzo za uzio, na abiria waliviona dirishani vikipakwa rangi.

Kwa saa ya stesheni, safari ilikuwa ya kutwa moja. Ndani ya mabehewa ndiko muda ulikorefuka. Mwanzoni abiria walishuka na ndevu. Halafu wakaanza kushuka na watoto waliojifunzia kutembea njiani. Sasa kila safari ilikula miaka, na walioshuka walipitia kwanza kwa kinyozi ndipo wakaenda kwao. Walalamikaji walipokwenda kwa mkuu wa stesheni, aliwaambia nauli haijapanda, na kweli ilikuwa haijapanda.

Fundi mwenyewe alibaki na umri wake uleule, maana hakuwa na safari. Majirani walimtania dukani, "Yule uliyempokea jana ni mumeo au baba mkwe?" Alicheka nao, wakishaondoka alikanyaga cherehani mpaka mkanda ukaruka. Kazi ya mume ilikuwa huko mjini, kwenye kiwanda cha uchapaji. Kila alipomwambia aiache, mume alimuuliza kama watakula reli.

Jumapili asubuhi alikaa uani kufua. Akatoa shati la bluu alilomshonea mwenyewe wiki iliyotangulia, ambalo Jumatatu lilikuwa jipya, linanukia pasi. Kola ilikuwa imegeuzwa.

Kola ya shati ikichakaa mkunjoni, fundi huifumua, huigeuza upande wa ndani uje nje, huishona tena, na shati hupata uhai mwingine. Hugeuzwa mara moja tu, kwa sababu haina upande wa tatu. Ni kazi ya kuumiza macho, na mtu haifanyi kwa mpita njia. Huifanya kwa mwanaume anayetarajia kukaa naye.

Fundi aliisogeza kola kwenye mwanga. Uzi ulikuwa mnene, mweupe, wa kushonea mashuka ya hospitali, uzi ambao yeye asingeshonea hata gunia. Lakini ulikuwa umepita kwenye matundu yaleyale ya sindano yake, moja baada ya jingine, bila kutoboa hata tundu jipya. Hilo ndilo lililomkata maini. Mshonaji mbovu angemdharau, akalala.

"Nani kakugeuzia kola?" akamuuliza mume, aliyekuwa kibarazani akitafuta mahali kiti chake kilipokuwa kikikaa.

"Jirani."

"Jirani wa wapi?"

"Wa behewani. Anashona mashuka hospitali. Anakaa kiti cha dirishani."

"Na wewe unakaa wapi?"

Mume alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa mtaa wake. "Cha pembeni yake."

"Tangu lini?"

"Mama, safari ni ndefu," akasema kwa upole, na ule upole ulimuuma mke kuliko kama angemtukana. Zaidi ya hapo, hakuwahi kumwita mama. Hawakuwa hata wamepata mtoto bado.

Fundi alimalizia kufua kwa wivu. Alipiga hesabu zake akaona kwamba yeye ndiye mke, lakini mwenzake ndiye aliyekaa na mume. Yeye alipewa Jumapili. Yule alipewa masika na kiangazi, mafua yake, hasira zake za asubuhi, meno yake mawili ya nyuma yaliyong'oka machimboni. Hata chumvi mume alikuwa ameuliza inawekwa wapi. Bila shaka ya huko behewani aliijua.

Mchana akaenda stesheni kukata tiketi naye asafiri.

"Behewa la tatu limejaa," mkuu wa stesheni akamwambia.

"Basi nitasimama."

"Hata pa kusimama pana wenyewe, dada. Siku hizi nafasi zinarithiwa. Subiri afe mtu, nitakuita."

"Na la pili?"

"La pili wana mgogoro wa mirathi."

Akarudi dukani, akafungua mlango ingawa ilikuwa Jumapili. Alichukua turubai laini lililobaki kwenye kazi ya viti, akakata shati. Kwenye kola aliweka kitambaa kigumu tabaka tatu, akapaka gundi katikati, akashona kwa uzi wa viatu, mishono midogo iliyofichwa, mshono juu ya mshono. Kola ile isingechakaa na isingefumuka. Aliyetaka kuigeuza angevunja sindano zote za hospitali. Alipomaliza aliigonga mezani, ikalia kama kibao, akaridhika.

Jumatatu alfajiri alimvalisha mwenyewe, akamfunga mpaka kifungo cha juu.

"Inabana kidogo," mume akasema.

"Itazoea."

"Nzuri lakini. Naijua kazi yako."

"Usimpe mtu aiguse."

"Sawa."

Treni ilipopiga honi, mkuu wa stesheni alitangaza kwamba kuanzia leo kutakuwa na kituo kipya nyumbani kwa wakwe wa Mheshimiwa, ng'ambo ya kilima, na reli imeshapindwa. Abiria madirishani waliitikia kwa vichwa. Wengine walirudi ndani kuongeza maji kwenye makopo waliyopandia vitunguu. Fundi alimtafuta mwanamke wa dirishani, akaona bega tu na mkono ukivuta pazia lenye maua, lililopindwa vizuri pindoni. Kwa hiyo walikuwa na mapazia.

Wiki nzima alifanya kazi huku akiimba. Mteja mmoja alimwambia amenenepa. Kila alipoikumbuka ile kola, aliwaza sindano zikivunjika, akaongeza sauti.

Jumamosi treni ilifika taa zikiwa zimeshawashwa. Kutoka behewa la tatu alishuka bibi kizee aliyeinama, mfuko mgongoni, amebeba shati la turubai lililokunjwa kwa ustadi, kola juu. Alitazama watu jukwaani, akaenda moja kwa moja kwa fundi bila kuuliza.

"Wewe ndiye mke mkubwa," akasema. "Shikamoo."

Fundi alisita kuamkiwa shikamoo na mtu mwenye umri wa bibi yake. Lakini haki ni haki, akaitikia, "Marahaba."

"Hakufika. Tulimzika huko kwenye kituo kipya, kando ya uzio. Mahali pazuri, pana kivuli cha nguzo."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Uzee. Safari hii ilikuwa ndefu mno kwa mtu wa umri wake."

Fundi alilipokea shati. Aliisogeza kola kwenye mwanga wa taa kabla hajalia, maana ndivyo alivyokuwa. Haikuwa imeguswa. Mshono wake ulikuwa wote mahali pake, kama siku alipoushona. Ndani tu, upande wa shingo, palikuwa na ukanda mweusi uliokauka, umezunguka kuanzia sikio hadi sikio.

"Ilimchubua," bibi akasema. "Miaka yote ile. Ikipona kidogo, inachubua tena. Nilimwambia niiondoe, nimwekee hata kipande cha shuka. Akakataa. Alisema mke wangu kasema isiguswe."

"Angeweza kulivua."

"Nilimwambia hivyo pia. Akasema ni mkono wako, na hana kingine chako cha kuvaa."

Fundi alikaa kwenye benchi. Alilia kwa sauti, na watu walipita na mizigo yao wakisema pole. Bibi naye akakaa, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao, kwa mazoea.

"Umepata uzee wake wote," fundi akasema alipopata pumzi. "Mimi sikupata hata siku moja."

"Na wewe ulipata ujana wake. Kila siku nilisikia habari zake. Mlivyocheka, mlivyokimbia mvua. Unadhani nilikuwa nashona kola kwa raha?"

Hapo fundi akamtazama vizuri, akaona kwamba na yeye ana wivu, tena wa zamani kuliko wake. Haikumpunguzia kitu. Alimbebea mfuko wake tu, kwa sababu ulikuwa mzito na yule alikuwa mzee, wakaenda nyumbani. Njiani bibi aligeuka mwenyewe kwenye kichochoro sahihi. Jikoni alinyoosha mkono bila kuangalia, akatoa chumvi palepale ilipokuwa ikikaa. Mume alikuwa amemsimulia kila kitu.

Waliotoa rambirambi hawakujua nani aanze kupewa pole, wakawapa wote wawili kwa pamoja. Jumatatu mkuu wa stesheni alimtuma mtu dukani na ujumbe: nafasi imepatikana behewa la tatu, kiti cha pembeni, kama bado anakitaka. Pia Mheshimiwa ana mpwa ng'ambo ya mto, wamwombee reli ifike salama.

Fundi alisema amechelewa, akashukuru. Alikuwa na shati la turubai mapajani, anajaribu kuifumua kola, na tayari alikuwa amevunja sindano tatu. Bibi alivuta kiti chake karibu, akatoa mfukoni sindano nene ya mashuka.

"Nipe upande mmoja," akasema.

Fundi akampa upande wa nje. Ule wa shingoni aliushika mwenyewe.