Kisanduku Kimoja cha Oksijeni

Fomu ya kumruhusu mtoto mchanga kwenda nyumbani ina kisanduku kimoja tu cha kuandika kiwango cha oksijeni. Kimoja! Aliyeichora hakuwahi kumpima mtoto mguuni.

Asubuhi ile vitanda vilijaa pomoni, na mkuu wa wodi, tuliyemwita Fagio kwa jinsi alivyowatoa watu, alikuwa anapita kitanda hadi kitanda. Nilimfunga kipimo cha oksijeni mtoto wa siku mbili kwenye mkono wa kulia: asilimia tisini na saba. Mguuni: themanini na nne. Nikausugua mguu, nikaufunika mpaka ukapata joto, nikapima tena. Themanini na nne.

Bibi yake akainama. "Mwanangu, mbona nyayo zake zina rangi ya bluu na mikono iko sawa?"

"Baridi tu, bibi. Wachanga ndivyo walivyo."

Uongo mtupu. Wauguzi sote tulifundishwa: mkono na mguu vikipishana hivyo, huenda moyo una kasoro ya kuzaliwa nayo, mtoto haruhusiwi, aitwe daktari. Lakini wiki iliyotangulia nilimwita daktari bure, na Fagio alinisuta mbele ya wagonjwa mpaka nikatamani ardhi inimeze.

"Unampima au unamposa?" Fagio akanipigia kelele kutoka mlangoni. Wodi nzima ikacheka. Nami, kwa ujinga wangu, nikacheka. Nikaandika tisini na saba.

Siku mbili baadaye mama yake alirudi naye mchana kweupe, mtoto kawa rangi ya majivu, anahema kwa shida. Daktari alihangaika naye saa nzima, ikashindikana. Kisha akafungua faili, akaisoma namba yangu, akashusha pumzi.

"Pole sana, mama. Alitoka hapa mzima. Hakuna aliyekosea."

Nilibaki na yule mama, tukimfunika mtoto shuka. Hakulia. Alinishika mkono, akaubana.

"Dada, niambie ukweli. Jana nilimnyonyesha nimelala. Ni mimi?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikaifikiria leseni yangu, nikawafikiria wanangu wawili, nikamfikiria Fagio. Najichukia mpaka leo kwa urahisi nilioupata wa kufungua mdomo.

"Ukijaliwa mwingine," nikamwambia, "mnyonyeshe ukiwa umekaa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akanishukuru.