Alama ya Taratibu

Skrini ilikuwa imeganda tena, na meneja wetu alisimama nyuma ya kiti changu akipuliza chai.

"Dada, tusijidanganye. Sehemu hii tuifute, tutafute nyingine."

Sehemu hiyo ilikuwa ya mwenzetu Taratibu, ndivyo tulivyomwita. Aliiandika peke yake kabla maradhi hayajamchukua: kipande cha programu kinachopokea swali linaloulizwa kwenye hifadhidata, kikalitafutia njia fupi ya kujibiwa. Swali likiwa na jingine ndani yake, kilijiita chenyewe kulishughulikia hilo kwanza. Kilifanya kazi vizuri, ila mara mojamoja kilizama kisiibuke. Ofisini hakikubaki kingine chake. Hata kikombe kilishapata mwenyewe mwingine. Kikifutwa hiki, ndiyo basi.

"Nipe mpaka jioni," nikasema.

Taratibu hakuwa anaweka alama ya tiki kabla kazi haijaisha. Ukimuuliza kama ameshakula, anaangalia sahani kwanza. Nilimpenda, na alijua. Siku moja tukisubiri lifti nilimuuliza mimi na yeye tunaelekea wapi.

"Acha nimalize nyumba," akasema, "ndipo nije kwenu nikiwa na la kusema."

Nikamwambia mimi siolewi na paa. Alicheka, lakini hakubadilika. Nyumba ikabaki kuta tupu.

Nikiwaza hayo, nikaliona kosa. Programu iliweka alama kwamba swali limeshapitiwa, lakini likishamalizika tu. Sasa, yapo maswali, nadra sana, ambayo la kwanza linalitaja la pili, na la pili linarudi kwa la kwanza. Hayo hayamaliziki, kwa hiyo hayakupata alama kamwe, na programu ikazunguka nayo mpaka ikaishiwa pumzi. Yaani ni yeye kabisa. Nilitamani awepo nimtanie. Nikalia kidogo, kiganja mdomoni.

Nikauchukua mstari wa alama, nikaupandisha juu, ili iwekwe swali linapoingia, likirudi lisipokelewe tena. Swali likajibiwa papo hapo.

"Umeandika upya?" meneja akauliza.

"Mstari mmoja tu. Iache."

Akaiacha.

Pembeni mwa kila mstari huonekana jina la aliyeugusa mwisho. Ukurasa ule wote ni jina lake, juu mpaka chini, na katikati limeingia langu. Miaka imepita. Bado huwa naufungua, ingawa sina cha kurekebisha, nikatazama majina yetu yalivyokaa pamoja.