Punje za Wimbi Ndani ya Jicho

Kabla hakujapambazuka mimi huamshwa na kiganja cha Aguti kikipapasa ukuta. Taratibu, kutoka kitandani kwake mpaka mlangoni. Kisha kimya, kisha kifuniko cha mtungi. Kwa miaka mingi nilidhani hawashi taa ili asiniamshe, nikamwona ni mtoto mwenye huruma. Bado namwona hivyo.

Aguti ni binti ya mwanangu Etyang. Nimemlea hapa Malaba, nyuma ya barabara ambapo malori husubiri kuvuka kwenda Uganda. Ni fundi wa nguo. Huwashonea madereva mapazia na vitambaa vya viti. Uzi mweusi kwenye sindano nyembamba anautia mara moja, bila kukunja uso. Lakini jua likizama, hugonga ndoo iliyo mbele ya miguu yake. Nilijua kuna watoto wasioona vizuri gizani kwa kukosa chakula bora, kwa hiyo nilimpikia maini kila nilipoweza. Alikula mpaka akayachukia.

"Tata," aliniambia, ndivyo sisi Wateso tunavyowaita bibi zetu, "ng'ombe wa Malaba wataisha kwa ajili yangu."

Mwezi wa nne, Oduori, kijana anayetaka kumwoa, alimleta shangazi yake atuone. Naliaka ndiye aliyemlea Oduori, na neno lake ndilo linalosikika kwao Khunyangu. Alivisifu sana vitambaa vya Aguti, akauliza mishono midogo hivyo anaionaje. Jioni Aguti aliingia na birika la maji ya kunawa. Naliaka, akiwa ameketi, akamnyoshea mkono. Aguti alimtazama usoni, akatabasamu, akapita. Mkono ukabaki hewani. Kisha Aguti akamkanyaga mguu.

"Msichana wenu anaona uzi," Naliaka aliniambia, "ila mkono wa mtu haoni?"

Hakula. Oduori aliondoka naye akiwa ameinamisha kichwa. Baadaye simu zake zikawa fupi, kisha zikakoma.

Aguti hakulia. Alirudi kwenye cherehani yake. "Sikuuona mkono, Tata," alisema. Nilimwamini, lakini sikujua nimwambie nini Naliaka ili naye aamini.

Muuguzi mmoja ambaye Aguti humshonea sare ndiye aliyetuambia kuhusu kliniki ya macho mjini Busia. Watafiti walikuwa wameleta huko mashine ya kupiga picha nyuma ya jicho. Alitupeleka mwenyewe, siku yake ya kupumzika, na njiani akatununulia maji.

Kijana wa mashine aliitwa Sydney. Alimtia Aguti dawa ya kupanua mboni, akamwambia aweke kidevu kwenye kibao, atazame alama ya msalaba, asitikisike. Vitu anavyovipiga picha ni vidogo mno, alisema, hata lori likipita nje picha inavurugika.

"Basi umekuja pabaya, boss," Aguti akasema. "Hapa malori hayaishi."

"Kwani hizi mvi unafikiri nimezitoa wapi? Ngoja hilo lipite. Haya, sasa. Usipepese."

Walihitaji pia jicho zima la kulinganisha naye, wakaniomba niketi. Nilicheka. Nikasema kwa mwanamke wa umri wangu watakuta utando wa buibui tu. Sydney alinishushia kiti polepole, akanishika bega mpaka nikatulia.

Tulipomaliza, daktari alituonyesha picha mbili kwenye kompyuta. Ya kwanza ilijaa vidoa vyeupe vidogo, vimebanana kama punje za wimbi zilizoanikwa uani. Alisema kila kidoa ni chembe moja inayopokea mwanga. Picha ya pili ilikuwa na punje katikati tu, duara dogo. Pembeni palikuwa peusi, kama kuku wamepita.

"Ya kwanza ni yangu?" Aguti akauliza.

"Ni ya bibi yako."

Lori likapita nje. Nilitazama mikono yangu. Ningependa kusema niliumia, lakini sikusikia kitu, kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi. Nilifikiri tu kwamba sina kazi na punje zote hizo. Kushona nimeacha zamani.

Daktari alieleza polepole. Chembe za kuonea gizani na za pembeni ndizo zinazokufa kwanza. Kitu kilicho mbele kabisa ya macho yake, Aguti anakiona. Kilicho chini au kando, kwake hakipo. Amezaliwa na ugonjwa huo, na wazazi wanaoona vizuri kabisa wanaweza kumpa mtoto bila kujua. Dawa ya kurudisha zilizokufa hana.

Nikauliza kuhusu maini. Hakucheka.

"Hukukosea kumlisha, mama. Kuna upofu wa usiku unaopona kwa chakula. Huu wake ni mwingine."

"Na hizi za katikati?" Aguti akauliza. "Nitashona mpaka lini?"

"Sijui. Mwaka ujao tutapiga picha tena, tuone kama zimepungua. Wengine hukaa nazo miaka mingi."

Bila kuombwa, Sydney alituchapishia picha zote mbili, akaziweka kati ya karatasi ngumu zisikunjike.

Siku chache baadaye nilimwambia Aguti twende Khunyangu.

"Tunaenda kumwomba mtu huruma, Tata?"

"Tunaenda kusalimia."

Naliaka alikuwa anachambua maharagwe mlangoni. Alitukaribisha, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuitwa mbaya. Nilimwekea picha mapajani. Akazitazama sana.

"Hizi ni nini, mbegu?"

Nikamweleza kama daktari alivyotueleza. Aguti akasimama mbele yake.

"Mama, mimi nitakuangalia usoni. Wewe nyosha mkono kama siku ile."

Naliaka akainuka, akaunyosha, chini, usawa wa kiuno.

"Uko wapi?" akauliza.

"Sijui."

Naliaka akaanza kuupandisha mkono polepole. Ukapita tumbo, ukapita kifua, ukafika mbele ya uso wa Aguti kama mkono wa polisi anayesimamisha lori.

"Huo hapo," Aguti akasema, akaushika.

Walishikana hivyo kwa muda. Maharagwe yalikuwa yamemwagika, hakuna aliyeyaokota.

"Nimewaambia watu wote wa hapa kwamba ana dharau," Naliaka akasema.

"Na Oduori?" nikauliza.

"Yuko na lori, Kampala huko. Nitamwambia niliyoyaona leo. Atakachosema sikijui, na watu wa kwetu wataniuliza kuhusu watoto watakaozaliwa. Sitawadanganya."

Aguti akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa rangi fulani ya uzi imekwisha dukani.

Tulikunywa chai. Naliaka alimpa Aguti kikombe mkononi, si mezani. Kabla hatujainuka niliona anaviondoa viti vilivyokuwa kati yetu na mlango, kimoja kimoja, huku akizungumza habari za mvua.

Alitusindikiza akiwa amemshika Aguti kiwiko. Tulipofika barabarani hakukiachia.

"Mama Etyang, mlete tena," akaniambia. "Hata huyo kijana akisema hapana. Mje mnione. Mje mchana, kukiwa na mwanga."