Kule Dada Anakowatuma Wageni
Katika mji wetu wa mlimani, mgeni akitaka kujua steki nzuri inaliwa wapi, hamuulizi mwenye hoteli. Anamuuliza dada yangu. Yeye ndiye mwenye bucha, na mikahawa yote, kuanzia kituo cha magari hadi kule juu wanakokodisha viatu vya kupandia mlima, inanunua nyama kwake. Wageni wanasimama mlangoni na fimbo zao za kutembelea, wanauliza, naye anafuta mikono kwenye aproni na kuwaelekeza kwa Kibiriti.

Si kwangu. Mimi, mdogo wake wa tumbo moja, mwenye mkahawa wa vioo unaotazama kilele, meza kumi na sita, vitambaa vimepigwa pasi. Anawatuma kwa Kibiriti, mama mmoja mkali mwenye meza nne nyuma ya karakana ya matairi, ambako ukiomba chumvi unaangaliwa kama umemtukana mtu. Miaka mitatu nilimeza donge hilo. Mwaka wa nne nikaapa: kabla msimu haujaisha, dada yangu atanitaja mimi.

Nilibadilisha jiko. Nilibadilisha sahani. Kila Jumatatu, siku anayofunga bucha, nilimpikia dada mwenyewe steki, na kila Jumatatu alikula nusu, akafuta mdomo, akaniuliza kama watoto hawajambo.

"Kasoro yake nini?" nilimuuliza siku uvumilivu uliponiishia.

"Umeitoa kwenye friza."

"Kila mtu ana friza, dada."

"Naining'iniza kwenye baridi wiki tatu ilainike, nakukabidhi, wewe unakwenda kuigandisha iwe tofali. Halafu unaniuliza kasoro."

"Na mgeni akija sina nyama, nimwambie nini?"

"Si umwambie huna."

Nilicheka. Mimi nilijua hilo ni neno la mfanyabiashara aliyeshindwa. Kibiriti ndiye aliyekuwa akigeuza kibao chake kila baada ya siku mbili tatu kuonyesha kwamba leo hakuna, nami nikipita na gari nilikuwa nasema moyoni, maskini, mtaji umemkatikia tena. Nilimwonea huruma kabisa.

Basi nikapiga moyo konde, nikaenda kula kwake. Mara ya kwanza kibao kilikuwa kimegeuzwa. Mara ya pili alinizuia mlangoni. "Nyama ipo," alisema, "ila bado siku mbili. Rudi Alhamisi." Nyama ipo, mteja yupo, na bado ananifukuza. Nilirudi Alhamisi nimekunja uso, nikala. Sitaki kuieleza sana ile nyama, maana hadi leo inaniuma. Kisu kilipita chenyewe, na sahani ikabaki nyeupe. Nilikaa pale nikijua kwamba dada yangu hakuwahi kunionea hata siku moja.

"Umeshiba?" Kibiriti aliuliza.

"Nimeshiba."

"Basi niachie kiti, kuna mtu anasubiri."

Kesho yake niliuza friza. Mke wangu, ambaye ndiye anayepokea wageni na kuandika oda, alinigusa paji la uso kuona kama nina homa. "Na msimu ndio huu," alisema. Nikamwambia ndiyo maana. Kwa dada niliomba kitu kimoja tu: anipe ile iliyokwisha kutimiza siku zake, hata kama ni vipande vitatu. Alikubali shingo upande, bila neno la kunitia moyo.

Jumamosi moja adhuhuri walishuka watu wanane kutoka mlimani, nyuso nyekundu kwa upepo, njaa imewashika kisawasawa. Asubuhi nilikuwa na vipande tisa, na cha mwisho kilikuwa kimetoka muda si mrefu. Wakavuta meza mbili kando ya kioo, wakaagiza steki nane.

Mke wangu alinifuata jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Jirani ana steki kwenye friza yake. Nimeshamuuliza, atatupa. Hawa hawatajua."

Ni kweli wasingejua. Meza zilikuwa zimelala wazi wiki nzima, na watu wanane ni watu wanane. Nilivua aproni, nikatoka hadi mezani kwao kabla sijapata muda wa kujibembeleza.

"Steki ya leo hapa kwangu imekwisha," niliwaambia. "Shukeni hadi karakana ya matairi, nyuma yake kuna mama anapika. Ni mkali, msimjali. Mkiwahi mtaipata."

Mmoja alinishukuru, wengine walinuna, wote wakainuka. Mke wangu alikunja vitambaa vinane bila kunitazama, na hadi jioni tulisemeshana habari za sufuria tu.

Sikumwambia dada. Jumatatu nilimwandalia kama kawaida, hakuja. Nikasema basi, huyu hata ile nusu sahani ameisusa. Niliumia, lakini friza sikununua tena.

Jumanne asubuhi nilikwenda bucha kuchukua nyama yangu, nikapishana na Kibiriti akitoka na yake, nikaingia kwa mlango wa nyuma. Dada alikuwa amenipa mgongo, anakata. Mbele yake amesimama mzee mmoja mgeni, kofia mkononi, anauliza swali lile lile wanalouliza wote. Nilisimama kwenye pazia la mlango.

"Nenda kwa mdogo wangu," dada alisema, wala kisu hakikusimama. "Pale penye vioo. Akikwambia imekwisha, mwamini."