Vifaru vya Mtumba

Mwantumu Salehe alikuwa fundi cherehani wa Kibiti, kwao Maparoni, na hakuwa mtu wa kumeza neno lililokwisha kumfika ulimini. Mwaka ule wa 2000 alikuwa na miaka ishirini na tisa, mtalaka, na alishonea barazani kwenye nyumba moja na kibanda cha gemu cha Mfaume. Kazi zilikuwa zimepungua tangu marobota ya mitumba yaanze kushushwa stendi kila wiki. Cherehani ikilala, alisogea mlangoni kutazama. Baada ya miezi miwili ya kutazama akaingia na kukaa. Baada ya mwezi mwingine, wanaume waliomcheka walianza kusita kukalia kiti cha pembeni yake.

Gemu iliyotia watu wazimu pale ilikuwa moja. Maroboti ya chuma, marefu kama minazi, yenye miguu na mizinga, yanapigana mawili mawili mpaka moja lianguke. Vijana waliyaita vifaru. Kila kifaru kilikuwa na silaha zake, unene wa ngozi yake na joto lake. Ukifyatua ovyo, mstari mwekundu hupanda pembeni ya kioo, na ukifika juu kifaru huganda hadi kipoe, na mwenzako anakumaliza kama anakata kuni. Gemu ilikuja na vifaru kumi na viwili vilivyoundwa tayari. Lakini mwenye memori kadi, kile kidude cha kuhifadhia, aliweza kujiundia chake, silaha moja moja kwa kuchagua, na akakikuta hata kesho. Kadi hizo zilitoka Kariakoo, na Kibiti nzima zilikuwa nane. Kifaru cha kujiundia kiliitwa cha kushona. Vile kumi na viwili viliitwa mitumba.

Mwenye kadi namba moja alikuwa Twalibu, muuza vipuri vya baiskeli, na kifaru chake alikiita Mfalme. Mfaume alipotangaza mashindano ya Idi Pili, mshindi apewe redio kaseti, Twalibu ndiye aliyetoa sheria.

"Asiye na kadi asiandikishwe," alisema. "Mtumba hauwezi kushindana na cha kushona. Tutaunguza petroli ya jenereta kutazama watu wanaokufa dakika ya kwanza."

Watu wakaitikia. Mfaume akachukua chaki, akaiandika sheria mlangoni.

"Nani kavipima?" aliuliza Mwantumu.

"Vipimwe vya nini? Kila mtu anajua."

"Kila mtu nani? Nitajie jina lake."

Twalibu alicheka. "Fundi, si wewe unayelia kila siku kwamba mitumba imekuua? Leo unaitetea?"

"Siitetei. Nguo ya mtumba naipindua ndani, natazama mshono. Ipo itakayochanika kabla hujafika kwako, na ipo itakayokuzika. Hivi vya humu hakuna aliyevipindua. Mmevitukana tu."

Akamgeukia Mfaume. Mfaume alikuwa akiwasha jenereta saa nne asubuhi, na wateja walikuwa hawaji hadi baada ya adhuhuri. Mwantumu akamwambia atamshonea pazia zito la mlangoni, kioo kisipigwe na jua, naye ampe zile asubuhi avipime. Mudrick, aliyekuwa na kadi ya pili kwa ubora, alikubali kuwa mpinzani wake kwa vyote. Kifaru kimoja, mechi tano, mpinzani yule yule, uwanja ule ule.

Kifaru cha kwanza kilikuwa kile walichokiita Pantoni, kwa uzito na uvivu. Mizinga minne mikubwa, na Mwantumu alipoifyatua kwa pamoja, kifaru kikaganda chenyewe kabla Mudrick hajamgusa. Mechi tano, vifo vitano. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu kilikuwa na mbio lakini ngozi ya karatasi. Mfaume akaanza kumwonea huruma.

"Dada, labda Twalibu ana haki."

"Labda. Bado tisa."

Asubuhi ya tatu, kaka yake Shaabani alifika kutoka Umwe na kusimama mlangoni, mwavuli mkononi.

"Mwantumu, toka humo."

"Shikamoo kaka. Nikimaliza hii natoka."

"Watu wanasema."

"Wakichoka watapumzika."

"Mtoto wa Mzee Salehe kukaa na wahuni kwenye kiza! Huna haya? Heshima ya baba umeitupa wapi?"

Mwantumu aliweka chini kile cha kuchezea. Mudrick akajifanya anafuta kioo.

"Kaka, mliniozesha kwa mtu mliyesema ni wa heshima. Nikaitika. Nimepigwa miaka minne ndani ya heshima hiyo, na nilipokuja kwako na jicho limevimba ukaniambia nivumilie. Hapa sijapigwa hata siku moja. Basi niache."

Shaabani alifungua mwavuli, ingawa hakukuwa na mvua wala jua kali, akaenda zake. Mwantumu alirudi kucheza, akili bado iko kwa kaka yake, akapoteza mechi hiyo na iliyofuata. Akamwomba Mudrick wazirudie zote mbili. "Hizi nimeshindwa mimi," alisema, "hakikushindwa kifaru."

Kifaru cha kumi na moja hakuna aliyekuwa akikigusa. Kilikuwa kifupi, na silaha zake ndogo ndogo. Lakini joto lake lilipanda polepole, na kiliweza kutembea upande upande huku uso na bunduki vikimtazama adui. Mwantumu alikulia kwenye mikoko. Alikiita Kaa papo hapo. Akakizungusha kumzunguka Mudrick, bunduki ya kushoto, kisha ya kulia, zikipokezana, mstari mwekundu haufiki hata nusu. Akashinda mechi tatu kati ya tano.

Siku ya sita alibandika karatasi ukutani. Vinane, aliandika, ni mizoga, asipewe hata adui. Vitatu ni vya kubahatisha. Kimoja, Kaa, kinaweza kusimama na cha kushona chochote hapa Kibiti.

Twalibu aliisoma. "Mudrick si mimi."

"Ndiyo maana nataka jina langu liandikwe."

Mfaume alikuna kichwa. Sheria ilikuwa bado mlangoni. Hata hivyo akaliandika jina, kwa sharti kwamba akitolewa mechi ya kwanza, sheria inabaki milele.

Idi Pili kibanda kilijaa tangu saa tano asubuhi, wengine wamepanda madirishani, watu wametoka hadi Nyamwage. Mwantumu alivaa gauni jipya alilojishonea, akajitanda kanga, akaketi. Alimtoa wa kwanza, akamtoa wa pili, akamtoa Mudrick. Fainali ikawa yeye na Twalibu. Mbili kwa mbili. Ya mwisho, Kaa kilibanwa kwenye kona, na Mfalme akamimina moto wote aliokuwa nao. Kaa kikaanguka.

Kelele zilitikisa bati. "Nilisema nini?" Twalibu alisimama juu ya benchi. "Nilisema nini mimi?"

Mwantumu hakuinuka kitini. "Umeshinda wewe. Kama kimeshinda kifaru chako, hilo silijui bado. Tubadilishane. Nipe Mfalme, shika Kaa."

"Bingwa harudii."

"Mchagua jembe si mkulima, Twalibu!" mtu akapiga kelele dirishani, na kibanda kizima kikaidaka.

Hapo hakuwa na pa kutokea. Akashika Kaa kama anayeshika samaki aliyeoza. Mechi mbili za kwanza alikwenda mbele moja kwa moja, akaanguka. Ya tatu aliona, akaanza kwenda upande, akashinda. Ya nne akashinda tena, akacheka peke yake kwa utamu. Ya tano, Mwantumu alipofyatua silaha zote, Mfalme akaganda katikati ya uwanja, na Twalibu akamzunguka mara mbili na kumwangusha.

"Mara mbili, fundi!" alipaza sauti, mikono juu. "Nimekupiga mara mbili!"

"Kwa kifaru gani?" aliuliza Mwantumu.

Twalibu alitazama kioo. Mikono yake ikashuka taratibu. Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele, na Mwantumu akacheka nao mpaka kanga ikamwanguka begani.

"Nimeshindwa mara mbili, tena mchana kweupe," alisema. "Redio yako, chukua. Lakini ile iliyo mlangoni ifutwe."

Mfaume aliifuta kwa kiganja. Vijana wawili wa Nyamwage wasio na kadi wakaomba kiti papo hapo, na mmoja akauliza yule Kaa ni wa ngapi kutoka juu.

Mwezi uliofuata habari zilikuja kwamba Ikwiriri nako kuna mashindano. Shaabani alituma mtu kumwambia asithubutu. Mwantumu alimpa mjumbe chai, akamshukuru, na asubuhi ya Jumamosi akapanda gari. Mwandikishaji wa Ikwiriri alimtazama, akaweka kalamu mezani.

"Dada, huku kwetu wanawake hatujapata kuwaandika."

"Basi utakuwa wa kwanza," alisema Mwantumu, akaichukua kalamu, akaligeuza daftari upande wake, na kuandika jina lake kwa herufi kubwa.